Akicheka Mwenye Mali

Ujumbe wa Yusta ulinikuta Nzega, kwenye duka langu la dawa, napanga chupa za dawa ya minyoo kwenye rafu. "Shomari hatunaye. Wanazika kesho baada ya adhuhuri, Tabora. Wewe ni mtani wake, usipokuja watasema." Nikakaa juu ya katoni. Nitasema ukweli, maana kwa umri huu sina wa kumficha: kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa hasira, ile ile ya miaka ishirini na sita iliyopita, mbichi kana kwamba nilikuwa nimeihifadhi kwenye friji pamoja na chanjo za kuku. Mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nimekaa juu ya katoni ya dawa namnunia maiti. Halafu nikaanza kufikiria nitavaa nini, kwa sababu mtani haendi msibani kama watu wengine. Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na watu wetu wametaniana tangu wazee wetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani na wazee wake wakiwapokea kwa kejeli. Mtani akifa mwenziwe haendi kulia. Anakwenda kumsema, kuiga mwendo wake, kunyakua kitu cha nyumba na kukikalia mpaka wafiwa wakikomboe, hata kwa soda au kuku. Ndiyo heshima yenyewe. Asiyeweza kucheka siku hiyo anaonekana alikuwa na neno na marehemu, na mimi nilikuwa nalo.

Mwaka ninaousema tulikuwa wanne, tumemaliza kidato cha sita, tunasubiri kujua nani anakwenda chuo na nani anabaki. Shomari, mtoto wa kota za reli, mrefu, mwenye sauti ya kukufanya usogeze kigoda karibu. Maganga, aliyekuwa na mkono wa kuchora. Yusta kutoka Ulyankulu, watu wao walitoka Burundi, msichana wa kwaya aliyeongea kidogo na kushinda mabishano yote. Na mimi, Nyamizi, mjuaji. Tulikutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma nyumbani kwa kina Maganga, mtaa wa Ng'ambo hapo Tabora, ambamo mama yake aliweka ndoo za asali na madonge ya nta. Chumba kilikuwa na dirisha moja la nyavu lililotoboka, na nyuki walikuwa wakiingia kudai mali yao. Tulijifunza kukaa bila kupunga mikono. Mama Maganga alituletea chai ya rangi na matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu ambayo ukiyatafuna huwezi kusema neno kwa dakika nzima, na nadhani alituletea kwa sababu hiyo. Siku za masika alipika uyoga kwa karanga, na ugali tuliula palepale sakafuni, tumezunguka sahani moja na kaunta buku moja.

Mchezo wetu tuliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha fizikia, mzungu mpole aliyekuwa akiungua na jua hata kivulini. Alipoondoka aliacha sanduku la bati lenye kitabu cha kanuni na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Mchezo ni wa kusimulia. Mmoja anasimulia nchi na yanayotokea humo; wengine kila mtu ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu wake anafanya nini, na dadu inaamua kama ameweza. Kuna vitabu vya kanuni, na kuna vitabu vingine vinavyoeleza nchi yenyewe: miji, wafalme, wanyama, barabara. Hivyo tuliviita vitabu vya nchi, na hatukuwa na hata kimoja. Mwanzoni tulijaribu nchi iliyoguswaguswa kwenye kanuni, ya ngome na theluji. Ilitushinda. Watu wetu walikuwa wakiingia kilabuni kuuliza habari, na Yusta anauliza nani anayepika humo na anapata wapi kuni kwenye theluji hiyo, na Shomari anapekua kitabu bure. Ndipo siku moja akafunga kitabu akasema, "Basi tuko Tura. Msafara umetoka pori la Mgunda Mkali jana, maji yamekwisha, mizigo mia, na mzee wa Tura anataka hongo. Mnafanya nini?" Sote tukainuka kwenye vigoda.

Mwaka mzima tuliishi kwenye njia hiyo ya misafara. Kila kituo tulikiandika kwenye kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu: visima vyake, mtawala wake anapenda kupewa nini, njia gani ina siafu. Maganga alichora ramani kwa kalamu za rangi mbili. Yusta aliandika nyimbo za wapagazi. Shomari tulimwita kirangozi, kama yule aliyetangulia mbele ya msafara akijua njia. Mtu wangu aliitwa Kalunde, mpagazi mwanamke aliyebeba mtungi uliozibwa na hakuambiwa ndani yake kuna nini. Ni Shomari pekee aliyejua. Alikuwa ameandika jibu kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, akaukunja, akaugandisha kwa nta ya Mama Maganga, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Siku Kalunde akifika mwisho wa safari, mtani, utaufungua wewe mwenyewe." Nilikuwa nikiugusa ukurasa ule kila Jumamosi kabla hatujaanza. Watu wanakumbuka mwaka wao wa ishirini kwa mchumba. Mimi naukumbuka kwa alama ya kidole kwenye nta.

Na kanuni ya watani niliitunga mimi. Naiandika hapa kama nilivyoiandika kule, kwa mwandiko wangu wa kujidai: *Katika njia hii mtani aweza kuchukua chochote cha mtani wake bila kurusha dadu. Akicheka mwenye mali, mali imekwenda. Akinuna au kulia, kitu kirudi, na aliyechukua atozwe mbuzi.* Maganga aliniambia kanuni hiyo ina tundu la kupita ng'ombe. Nikamwambia utani ndivyo ulivyo, asiyeujua aende akaulize kwao. Shomari aliipenda sana. Aliwafanya Wazaramo wa kubuni wakutane na Kalunde kila kituo: mmoja anamnyang'anya kanga, mwingine chumvi, na mimi nacheka kwa sababu anavyowaigiza huwezi kuacha kucheka, na kanga inakwenda. Yusta alikuwa akinitazama tu. "Wewe unacheka upesi mno," aliniambia siku moja tunaosha vyombo uani. Nikamwambia ni mchezo.

Barua ya mwalimu ilifika kiangazi, majani ya miombo yamekwisha kupukutika. Shomari alitusomea akitafsiri, kasimama mlangoni. Mwalimu alisema kumetoka vitabu vipya vya nchi, vitatu, vyenye picha za rangi kila ukurasa. Kama tunavitaka atatutafutia na kuvituma. Akataja bei. Mama Maganga, aliyekuwa akipita na ndoo, akasema kwa pesa hiyo yeye anaezua nyumba na kuezeka upya. Tukacheka, lakini Shomari hakucheka. Akakunja barua akaiweka mfukoni, akasema tuamue, na mabishano yakachukua Jumamosi mbili bila mchezo wenyewe kuchezwa. Nakumbuka siku ya pili vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

"Tuuze asali ya Mama Maganga kwa mkopo, tulime tumbaku, sijui, njia itapatikana," Shomari alisema. "Mimi naongea kuhusu kutaka, siyo pesa. Mnavitaka au hamvitaki?"

"Tunavyo vya kwetu," nikasema, nikapiga kaunta buku kwa kiganja.

"Vya kwetu! Tura, Puge, Nzega, tunarudi Tura. Mwaka mzima, Nyamizi. Nakosa usingizi nikitafuta mzee mwingine wa kudai hongo. Ninyi mnakuja na midomo ya kula matobolwa, mimi ndiye nakuja na nchi."

Hilo lilikuwa kweli. Leo naona ndipo nilipotakiwa kumwuliza kama amechoka. Badala yake nikamtania, nikasema Mzaramo akipewa kazi ya wiki mbili anaomba likizo ya mwezi. Maganga akasema picha za rangi angependa kuziona, lakini siyo kwa kuiacha ramani yake nusu. Shomari akamgeukia Yusta. Yusta alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi kwetu tumehama vya kutosha," akasema. "Nimekaa nchi za watu tangu nizaliwe. Hii ndiyo ya kwanza niliyoijenga. Siondoki tena kwa sababu ya picha."

Tukapiga kura kwenye bakuli la uji, kila mtu anatia punje moja amefumba mkono: hindi ni kununua, haragwe ni kuacha. Mama Maganga ndiye aliyehesabu, na sidhani kama alijua tunahesabu nini. Maharage matatu, hindi moja. Shomari akaokota hindi lake, akalitafuna bichi mbele yetu, akasema, "Haya. Kalunde anaamka Puge, wenyeji wamekataa kumpa maji." Nikafurahi. Nilidhani yamekwisha, na Jumamosi ile alisimulia vizuri kuliko siku zote.

Wiki chache baadaye nilitangulia kufika. Nikapita uani na sahani ya karanga, nikawasikia Shomari na Maganga chumbani. Shomari alikuwa anasema, "Yeye nitamwambia kwa utani. Atacheka, namjua, na akicheka yamekwisha." Maganga akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua atie mguu gani. Mimi nilijua ni mchezo. Nilidhani kuna Mzaramo mpya anayemsubiri Kalunde njiani, nikarudi mpaka getini nikapiga hodi upya, nisimharibie msimulizi hadithi yake. Nimelisikia tena neno lile mara nyingi sana tangu hapo: nikimhudumia mteja, nikipiga deki, nikiwa kanisani. *Namjua.* Kweli alinijua, na sioni mtu anawezaje kukuumiza hivyo bila kukujua.

Jumamosi moja hatukukuta kaunta buku mahali pake. Shomari akasema amelichukua nyumbani kuandaa mambo. Hivyo hivyo wiki iliyofuata, na nyingine, mpaka mvua za kwanza zikaanza. Kisha akaja na baiskeli, na kwenye kiti cha nyuma kuna boksi limefungwa kamba, lina stempu za kigeni. Akaliweka katikati ya ndoo za asali. Akalikata kwa kisu cha masega. Vitabu vitatu, vizito, vinanuka wino na gundi. Maganga akafungua kimoja, tukaona mlima wa barafu na chini yake mji wenye taa elfu. Sijawahi kuona kitabu kizuri hivyo kabla ya siku ile, na mpaka sasa inanikera kwamba vilikuwa vizuri.

"Umepata wapi pesa?" Yusta akauliza.

Shomari hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akachukua kofia ya Maganga akaivaa upande, akasimama kama wale Wazaramo wake wa njiani, kiuno kimekaa kushoto, sauti puani. "Mnyamwezi wee," akasema, "ulilala fofofo mzigo kichwani. Nimekuuza! Wewe, Kalunde wako, na mtungi wenu, na Tura nzima na siafu zake. Nimewabadilisha kwa barafu. Njoo unipige!"

Nikacheka. Sikuelewa bado nilichoambiwa, lakini mwili ulielewa kwamba mtani amesimama mbele yangu anasema ya utani, na mwili ukacheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Maganga naye akacheka. Kisha nikaona Yusta hacheki. Nikaona macho ya Shomari yamelegea, kama mtu aliyetua gunia. Kicheko kikanifia kinywani na kilikuwa kimekwisha kusikika. "Amecheka," Shomari akasema, kwa sauti yake ya kawaida sasa. "Mmesikia. Kanuni ni yake."

Yusta alisimama, akachukua kanga yake, akasema, "Shikamoo mama, naenda," kwa Mama Maganga aliyekuwa uani, na hakurudi tena katika chumba kile. Mimi nilibaki. Nasema hivi kwa aibu. Nilibaki kwa sababu kama ningenuna baada ya kucheka ningekuwa Mnyamwezi asiyejua utani, na kwetu bora uitwe mwizi. Tulijaribu nchi ya barafu Jumamosi tatu. Shomari alisoma kutoka kitabuni, kidole kwenye mstari, na sauti ile ya kusogeza vigoda ikawa sauti ya mtu anayesoma. Akaniambia nichague mtu mpya. Nikachagua, sikumbuki jina lake. Jumamosi ya tatu, natafuta ukurasa wa bei za farasi, karatasi ikaanguka kutoka katikati ya kitabu cha kwanza. Ilikuwa karatasi ya mwisho ya barua, ile ambayo hakutusomea. Mwalimu aliandika kwamba anaelewa bei ni kubwa kwetu. Kama tutakubali kumwachia lile daftari la ramani alilowahi kuoneshwa kwa barua na picha, basi vitabu tuvihesabu ni zawadi. Wanawe wangependa kutazama michoro.

Michoro. Nikarudisha karatasi ndani nikafunga kitabu. Mwalimu simlaumu, aliomba kistaarabu na alidhani tumekubali wote. Nilimwuliza Maganga njiani kama alijua. Alikuwa akisukuma baiskeli yake. "Aliniambia," akasema. "Nilidhani anatania, Nyamizi. Haki ya Mungu. Halafu wewe mwenyewe ukacheka." Tulipofika njia panda kila mtu akashika yake. Majibu ya chuo yakatoka, tukatawanyika, na kwa miaka yote hiyo nilipokutana na Shomari mjini tulitaniana kwa nguvu sana, watu wakisema hawa wanapendana. Hakuna siku aliyoniomba radhi, na hakuna siku niliyomdai. Tungeanzia wapi? Kila nikifungua kinywa kumwambia, inatoka kejeli.

Basi la asubuhi lilipita Puge nikaangalia upande mwingine. Nilifika Tabora nimevaa kama watani wanavyovaa: kanzu ya kiume juu ya gauni, kofia upande, kiuno kushoto. Nilimwiga Mzaramo akimwiga Mzaramo. Wanawake waliokaa mkekani walianza kucheka kabla sijafika mlangoni. "Yuko wapi mvivu wenu?" nikapaza sauti. "Ameshachoka tena? Kazi ya kuishi imemshinda, anaomba likizo!" Wakacheka na kufuta machozi kwa pamoja, ndivyo inavyotakiwa, na Yusta aliyekaa karibu na mlango na rozari yake akanitazama kama alivyonitazama zamani tukiosha vyombo. Wanaume wakainua jeneza. Mwili ukatoka, sauti zao zikaondoka nao kuelekea makaburini, na sisi wanawake tukabaki na nyumba. Huo ndio wakati wa mtani kunyakua.

Niliingia sebuleni. Ningeweza kuchukua redio, au kiti chake. Vitabu viliniona kwanza. Vilikuwa chini ya kabati la vyombo, viwili upande mmoja na kimoja upande mwingine pamoja na kipande cha tofali, vimebeba miguu iliyovunjika. Nikamwita Asha, binti yake, tukainua kabati, nikavivuta. Majalada yameliwa na mchwa, mlima wa barafu una duara la kikombe. Nikatoka navyo mpaka mkekani nikavikalia, nikatangaza kwa sauti ya puani kwamba mali hii haitoki chini ya makalio ya Mnyamwezi mpaka ikombolewe. Nilitaka kuku. Hapana. Nilitaka mtu yeyote katika nyumba ile aone kwamba ni vya thamani, akimbie ndani, anibembeleze, atoe kitu. Vitabu vile ndiyo bei tuliyouzwa.

Asha akanitazama, macho yamemvimba kwa kulia siku mbili, na ule mwendo wangu wa kipuuzi ukamshinda. Akacheka. "Chukua tu, shangazi," akasema. "Tulikuwa tunawekea kabati. Hata baba alisema ni vya kuwashia mkaa." Na mkeka wote ukacheka naye.

Akicheka mwenye mali, mali imekwenda. Vikawa vyangu. Nilibaki nimevikalia, kofia upande, na nikaanza kulia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa, kwa ajili ya Kalunde na mtungi ambao sitajua ulikuwa na nini. Kicheko kikakatika mkekani. Bibi mmoja akanong'ona kwamba mtani halii, kuna nini na huyu? Yusta akaja akakaa kando yangu. Kwa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu, anayelia hurudishiwa kitu chake. Nililia mpaka wanaume waliporudi kutoka kuzika, wakaanza kunawa mikono uani.